Madoa ya Kahawia Yanayovimba Yakisuguliwa

Swali: Daktari, mwanangu wa miezi kumi ana madoa ya kahawia kifuani na mgongoni, nayo huvimba nikimkausha kwa taulo. Nimeambiwa ni mzio wa maziwa. Je, nimwachishe?

Jibu: Usimwachishe, mama. Vipele vya mzio huhama na kutoweka baada ya saa chache, ilhali madoa yanayokaa palepale kwa miezi na kuvimba kila yanaposuguliwa huashiria mastositosi ya ngozi, yaani mrundikano wa seli za masti, ambazo ni seli za kinga zinazohifadhi histamini, kemikali inayoleta mwasho na uvimbe, na kuimwaga zinapochokozwa. Daktari hulisugua doa moja mara tano hivi kwa kijiti cha kukandamizia ulimi, kisha husubiri dakika chache aone kama litainuka. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo nawasihi wenzangu waupapase uvimbe kwa kidole wasitegemee macho peke yake. Kinundu kikubwa kisisuguliwe, kwani shinikizo la damu la mtoto linaweza kushuka.

Swali: Ni lazima mtoto akatwe kipande cha ngozi kwa uchunguzi?

Jibu: Dalili zikiwa wazi, si lazima. Watoto wengi hupungukiwa na madoa hayo kufikia balehe. Kwa sasa muepushieni maji ya moto na nguo zinazobana, na mwasho ukimsumbua, daktari anaweza kumwandikia setirizini, dawa inayozuia histamini, kulingana na umri wake.

Swali: Nina miaka 38, na madoa kama hayo yamenitoka mapajani. Nami nisubiri yaishe?

Jibu: Hapana. Kwa mtu mzima, mara nyingi seli hizo zimo pia ndani ya uboho, yaani ute ulio ndani ya mifupa, kwa sababu ya badiliko katika KIT, jeni inayoongoza ukuaji wa seli hizo. Unahitaji kupimwa kipande cha ngozi, kiwango cha triptase (kimeng'enya kinachotolewa na seli za masti) katika damu, na kwa kawaida uboho wenyewe. Uimara wa mifupa nao uangaliwe, maana ugonjwa huu huweza kuidhoofisha.

Swali: Nina ugonjwa huu na wiki ijayo nang'olewa jino. Nimweleze daktari wa meno?

Jibu: Mweleze mapema, kabla hujakaa kwenye kiti. Aspirini, ibuprofeni, kodeini na mofini huwachochea baadhi ya wagonjwa, ingawa dawa uliyowahi kuimeza bila shida huna sababu ya kuiogopa. Kama umewahi kuzirai baada ya kuumwa na nyuki, mwambie hilo kwanza, na adrenalini iwe tayari chumbani.