Sarafu moja ya Afrika Mashariki: muuza vitunguu wa Arusha atafaidikaje?

SWALI: Natoa vitunguu Mang'ola, napitisha Namanga hadi Nairobi, nalipwa kwa shilingi ya Kenya. Kila nikibadilisha naumia. Kwa nini Tanzania isikubali tu sarafu moja ya Afrika Mashariki tukaondokana na hasara hii? – Mfanyabiashara, Arusha

JIBU: Dada yangu, maumivu yako ni ya kweli na yanahesabika. Tuseme mpakani wananunua shilingi ya Kenya kwa Sh 18.50 na kuiuza kwa Sh 19.50. Bei ya katikati ni 19. Ukija na Ksh 200,000 unapokea Sh 3,700,000 badala ya 3,800,000. Laki nzima imebaki kwa mbadilishaji, na bado hujalipa gari wala vibarua. Sarafu moja ingefuta gharama hiyo siku ya kwanza.

Pamoja na hayo, msimamo wangu ni kwamba tusiingie bado, na sababu kubwa inakugusa wewe mwenyewe. Januari 2024 dola moja ilifika karibu Ksh 160. Miezi michache baadaye ikashuka hadi karibu 130. Huku kwetu mambo yalikwenda kinyume: mwaka huohuo dola ilipanda kutoka karibu Sh 2,500 hadi karibu 2,700. Piga hesabu uone, shilingi moja ya Kenya ilitoka Sh 15 na ushee hadi zaidi ya 20. Gunia lililouzwa Nairobi kwa bei ileile likaleta fedha nyingi zaidi nyumbani. Majirani hawa wawili hawakuyumba pamoja, na kila shilingi ilijirekebisha kivyake. Sarafu ikiwa moja, mtikisiko wa namna hiyo huhamia kwenye mishahara, ajira na bajeti ya serikali. Ugiriki iliingia kwenye euro mwaka 2001. Madeni yalipoibana kuanzia 2010 haikuwa na sarafu yake ya kushusha thamani, ikakata mishahara na pensheni, na ukosefu wa ajira ukapita asilimia 25. Sitaki tupite huko.

Wapo wanaosema mbona shilingi moja ilitumika hapa tangu 1921. Ni kweli, lakini ilisimamiwa na bodi ya kikoloni na kufungwa kwenye pauni ya Uingereza. Mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda zilifungua kila moja benki kuu yake.

Itifaki ya Umoja wa Fedha, yaani makubaliano ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kuelekea sarafu moja, ilisainiwa Kampala Novemba 2013. Inataka mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti (matumizi ya serikali yanayozidi mapato yake) isizidi asilimia 3 ya Pato la Taifa, deni la serikali lisizidi asilimia 50 ya Pato hilo, na akiba ya fedha za kigeni itoshe kuagiza bidhaa kwa miezi 4.5. Lengo la kuanza sarafu hiyo lilikuwa 2024, sasa linatajwa 2031. Burundi na Sudan Kusini, ambako bei zimepanda kwa kasi kubwa, ziko mbali sana na hiyo 8. Naona ni heri kuchelewa.

Laki yako haihitaji kusubiri 2031. Upo Mfumo wa Malipo wa Afrika Mashariki, unaounganisha benki kuu ili fedha zivuke mpaka kwa sarafu zetu wenyewe. Mwombe mteja wako wa Nairobi akulipe benki kwa benki, kisha linganisha kiwango cha benki na cha pale Namanga, makato yakiwemo. Uliza pia kama benki yako inafungua akaunti ya shilingi ya Kenya: kama unanunua chochote Nairobi, lipia kutoka humo bila kubadilisha.