Kreatinini 88, na karatasi inasema "sawa"

Daktari, nina mimba ya wiki 34. Maabara ya hapa mtaani ilinipima figo, kreatinini ikatoka 88, na karatasi inasema niko sawa. Sista wa kliniki aliiangalia akanyamaza, kisha akaniambia nirudi kesho kutwa. Nimwamini nani? (Mama mtarajiwa, Kayole)

Mwamini sista, ila usingoje kesho kutwa. Safu ya pembeni iliyoandikwa "kawaida" ni ya watu wasio na mimba. Wewe figo zako sasa zinachuja damu karibu mara moja na nusu ya zamani, kwa hiyo kreatinini, ambayo ni taka ya misuli, inapaswa kushuka. Wajawazito wengi wenye figo nzima huwa kati ya 35 na 70 hivi. Namba hizi ni za mikromoli kwa lita; maabara nyingine hutumia miligramu kwa desilita, na hapo 88 yako huandikwa 1.0, namba ambayo haimshtui mtu.

Fungua kile kijitabu cha mama na mtoto utafute kipimo cha mwanzo wa mimba, kama kipo. Kikiwa 50, umeshapanda zaidi ya mara moja na nusu, na kwa vigezo vya kimataifa vya mwaka 2012 kupanda hivyo ndani ya siku 7 ni kuumia kwa ghafla kwa figo. Kupanda kwa 26.5 ndani ya saa 48 pia kunatosha. Ukipate usikipate, nenda leo hii upimwe presha na protini kwenye mkojo, na damu irudiwe.

Nimesikia kuna vipimo vya kisasa vinavyowahi kuliko kreatinini. Niko tayari kulipa. (Baba wa kwanza, Umoja)

Vipo. NGAL ni protini inayomwagwa na mirija ya figo iliyoumia, na hupanda ndani ya saa chache, wakati kreatinini inaweza kuchukua siku moja au mbili. Shida ni kwamba NGAL hupanda pia mama akiwa na maambukizi ya mkojo, na hata kwa priklampsia yenyewe, ile presha ya mimba. Sistatini C, protini nyingine ya damu inayopimwa kuangalia figo, nayo hupanda miezi ya mwisho hata figo zikiwa salama. Bado hakuna namba iliyokubalika kwa wajawazito kwamba hapa ndipo hatari inapoanzia. Kwa hiyo pesa yako, ndugu, iweke kwenye kreatinini mbili zilizopishana siku moja.

Kipimo kimoja ningekilipia presha ikianza kuleta mashaka: uwiano wa sFlt-1 na PlGF, protini mbili za kondo zinazopimwa kwenye damu. Chenyewe huzungumzia kondo la nyuma, si figo, lakini mara nyingi kondo ndilo linaloziponza. Uwiano ukiwa 38 au chini, priklampsia haitarajiwi ndani ya wiki moja.

Mkojo umepungua. Mama mkwe anasema mtoto amekalia kibofu. (Githurai)

Shikamoo kwa mama, lakini hapana. Mtoto akikalia kibofu utakwenda chooni mara nyingi, kidogo kidogo, na jumla ya siku haipungui. Wodini tunaweka mpira na mfuko wenye mistari: mama wa kilo 60 akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, yaani vijiko viwili vya mezani, kwa saa 6 mfululizo, tunaita daktari wa figo. Ukiongeza kichwa kuuma, kuona nyota au maumivu chini ya mbavu za kulia, nenda hospitali usiku huohuo.

Mgongo unaniua. Kemisti amenipa diklofenaki. (Kawangware)

Irudishe. Baada ya wiki 20 huweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi, na zako pia hazisalimiki. Tumia parasetamoli.

Mimi ni klinikoo. Mama ana kifafa cha mimba na mkojo hautoki. Nimpe magnesiamu? (Mwenzenu wa zamu ya usiku)

Dozi ya kwanza mpe, kifafa hakisubiri. Zinazofuata ndizo za kuogopa, maana magnesiamu hutolewa mwilini na figo, na zikishindwa hurundikana ikawa sumu. Kabla ya kila dozi gonga goti uone kama linaruka, hesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, na mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Kimoja kikikosekana, zuia dozi. Kalsiamu glukonati, dawa ya kuipinga magnesiamu ikizidi, iwe kwenye trei kando ya kitanda, si kwenye kabati ambalo mwenye ufunguo amekwenda chai.