Nota za bure za piano: tafuta kwa jina la mtunzi na namba ya kazi

Ukiandika "nota za piano za bure" kwenye intaneti utapata kurasa nyingi mno, na nyingi zitakuchosha tu: matangazo, vitufe vya uongo vya kupakua, kisha ukurasa mmoja wa mwanzo na ombi la kadi ya benki. Wewe unayeanza, acha kutafuta hivyo. Tafuta kwa jina la mtunzi na namba ya opusi (Op.), yaani namba ya kazi yake. Andika "Diabelli Op. 149" au "Czerny Op. 599", utafika moja kwa moja.

Mahali pa kwanza pa kwenda ni IMSLP, maktaba ya mtandaoni iliyofunguliwa mwaka 2006 na kujaa nakala za vitabu vya zamani vilivyokwisha muda wa hakimiliki. Huhitaji kujiandikisha, asiyelipia husubiri sekunde 15 tu kabla ya kupakua. Kazi nyingi humo zimeorodheshwa kwa lugha zake za asili, ndiyo maana namba ina faida kuliko jina. Kitabu cha Schumann cha mwaka 1848 kwa ajili ya vijana utakikuta kwa Kijerumani, Album für die Jugend, lakini "Op. 68" haibadiliki. Kina vipande 43, na 18 vya kwanza ndivyo alivyovitenga kwa wadogo. Usikimbilie huko mwezi wa kwanza, hata hivyo. Kipande namba 1 kinaonekana chepesi kwenye karatasi, ila mkono wa kushoto hautulii.

Kwa mwanafunzi mpya kabisa, mimi nampa Diabelli, hiyo Op. 149. Ni vipande 28 vya watu wawili kwenye kinanda kimoja. Sehemu ya mwanafunzi haizidi nota tano, mkono hauhami, huku mwalimu akibeba uzito wote wa chini. Mtoto ambaye jana hakujua kidole namba 3 ni kipi, leo anasikia muziki uliokamilika ukitoka mikononi mwake, na hapo hahitaji tena kubembelezwa afanye mazoezi. Sijaona kitu kinachomshika mwanafunzi kama hicho. Kama unajifunza peke yako, chukua Czerny Op. 599, mazoezi 100 yanayopanda taratibu. Angalia jambo moja: mazoezi ya mwanzo yameandikwa kwa ufunguo wa G (alama ya nota za juu, mwanzoni mwa mstari) kwa mikono yote miwili. Ukisoma mstari wa chini kwa ufunguo wa F (alama ya nota za chini) kwa mazoea, utapiga nota ambazo hazipo.

Sasa namba za vidole. Vitabu vya zamani vya Uingereza na Marekani mara nyingi vilitumia alama ya + kwa kidole gumba, kisha 1 hadi 4 kwa vidole vinavyofuata. Leo gumba ni 1 na kidole cha mwisho ni 5. Ukiona + juu ya nota, jua namba zote za ukurasa huo zimesogea kwa moja. Zifute, uandike zako kwa penseli kabla hujaanza, maana kidole kikishazoea njia mbaya kukirudisha ni kazi ngumu.

Kama kinanda chako ni cha vitufe 61, pitia ukurasa kabla ya kuprinti. Kwa kawaida kitufe chake cha chini kabisa ni C inayoandikwa kwenye mstari mdogo wa pili chini ya mistari mitano ya ufunguo wa F. Nota iliyo chini ya hapo huna.

Ukifika steshenari usiseme "toa lote". Taja kurasa mbili au tatu za wiki hiyo. Mwambie pia anayeprinti alitoshee faili kwenye A4, kwa sababu kurasa za Marekani ni pana kidogo na fupi kuliko zetu, na nota za pembeni hukatika. Tovuti ya Mutopia hutoa faili za A4 zilizochapwa upya na kusomeka vizuri, ingawa kazi zake si nyingi kama za IMSLP.

Wengi wenu mnajifunza ili mpige kanisani. Kwa nyimbo za kwaya za Kikatoliki kwa Kiswahili, nendeni kwenye tovuti ya Swahili Music Notes, mpakue PDF. Usijaribu sauti zote nne mara moja. Soprano kwa mkono wa kulia, besi kwa mkono wa kushoto, hizo mbili tu mpaka zitiririke. Kisha ongeza alto, na tenori iwe ya mwisho. Watunzi wengi wa nyimbo hizo wako hai. Acha jina la mtunzi likae juu ya kila nakala unayoigawa kwa kwaya, na usiziuze.