Jibu: Fundi wa mitandao ataiweza shahada ya uzamili?
Ndugu yangu, umeuliza kama fundi wa hapa Tanga aliyezoea kuvuta nyaya na kuseti ruta ataiweza shahada ya uzamili ya mitandao ya kompyuta. Utaiweza, ila jiandae: huko huulizwi namna ya kuseti, unaulizwa kwa nini pakiti, yaani vipande vya data, zinachelewa. Hapo ndipo nadharia ya foleni (hesabu za kusubiri zamu) na hesabu za uwezekano zinapoingia, na ndizo zilizonitoa jasho. Anza leo. Washa Wireshark, programu ya kunasa na kuonyesha pakiti, fungua ukurasa mmoja tu wa wavuti, tazama TCP, itifaki ya kusafirisha data, inavyobisha hodi: SYN (ombi la kuunganishwa), SYN-ACK (jibu la kukubali), ACK (uthibitisho), ndipo data ipite. Mimi nilikesha nayo nyumbani Ngamiani. Kisha soma makala ya mtafiti wa mitandao Van Jacobson ya mwaka 1988, uone TCP ilivyofundishwa kupunguza mwendo njia ikijaa.