Msiukate, umelala tu

Mbuyu ulio kiwanjani kwangu Bagamoyo hauna jani hata moja tangu Julai. Fundi anasema umekufa, anataka kuukata. Nimruhusu?

Usimruhusu! Kila kipupwe naletewa swali hili na jibu ni lilelile: mbuyu hupukutisha majani kiangazi ili usipoteze maji uliyoyaweka kwenye lile shina nene. Kwangua gome kidogo kwa kisu. Ukikuta rangi ya kijani chini yake, mti uko hai. Subiri vuli. Novemba, jua likizama, simama chini yake utazame ua linavyofunguka: jeupe, pana kama kiganja, limening'inia kichwa chini, na popo wanalifuata gizani. Kesho yake mchana limeshageuka kahawia, liko chini. Nawasihi wenye viwanja, msikabidhi mti kwa mtu mwenye msumeno kabla hamjauona ukipita mwaka mzima.

Mkrismasi wangu ni mkubwa lakini Desemba hauchanui. Huwa naupogoa kila Oktoba.

Acha kuupogoa Oktoba. Unakata maua yenyewe.

Niko Sikonge, nafuga nyuki. Mitundu imetoa majani mekundu na mvua bado haijanyesha. Ni ugonjwa?

Si ugonjwa, ndugu yangu. Miti ya miombo huchipua wiki kadhaa kabla ya mvua, kwa maji iliyojiwekea na yale ambayo mizizi inayafikia chini. Majani machanga huanza mekundu, yakawa kama shaba, ndipo yakaingia ukijani. Mimi sijaona kipindi kizuri kuliko hicho katika nchi hii, na hakidumu. Nenda asubuhi, jua likiwa nyuma ya majani.

Kwa kuwa umetaja nyuki, nakuonya ingawa hukuuliza: kama bado unatumia mizinga ya magome, acha. Ukivua gome kuzunguka shina lote, mti unakufa, na mtundu ni miongoni mwa miti inayowalisha nyuki wako maua. Tengeneza mzinga wa mbao.

Mizizi ya mwembe itabomoa ukuta wangu?

Mwembe uko mita ngapi kutoka ukutani? Una umri gani? Nimeshaomba mara nyingi: pimeni kwanza, ndipo muulize.

Shambani Usangu kuna mgunga unaopukutika masika na kujaa majani kiangazi. Baba mkwe anasema una mambo, tuukate.

Mwambie mzee, kwa heshima zote, kwamba mti huo ni rafiki wa mkulima. Wataalamu huuita Faidherbia albida. Mizizi yake inashuka mbali kufuata maji, ndiyo maana kiangazi hakiusumbui. Mvua zikianza unavua majani: mahindi yanapata jua, na majani yaliyoanguka yanaoza kuwa mbolea. Panda mahindi hadi karibu na shina. Kiangazi maganda yake yaliyojikunja yakidondoka, yaokote uwape mbuzi.