Gari la Kisasa Hudumu, Kinachomaliza Pesa ni Matengenezo ya Kubahatisha

Wapo wazee hapa Mbeya wanaoshikilia kwamba magari ya siku hizi ni ya plastiki na hayafiki mbali. Siafikiani nao. Dashibodi za magari mengi ya zamani zilihesabu hadi kilomita 99,999 kisha zikarudi sifuri, na injini nyingi zilipokaribia hapo zilikuwa zimeshaanza kudai kufunguliwa. Leo injini ndogo ya petroli iliyobadilishiwa oili kwa wakati huweza kuvuka kilomita 300,000, na nchini Marekani wastani wa umri wa magari yaliyo barabarani ulifika miaka 12.6 mwaka 2024. Sisi wa nyanda za juu tuna nafuu nyingine, kwani bodi zetu haziliwi na hewa ya chumvi kama za wenzetu wa Dar es Salaam na Tanga.

Kinachoua injini huku ni joto. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, si 100. Mfuniko wa rejeta ndio unaobana presha ili kulanti, yaani maji ya kupozea injini, isichemke mapema, kwa hiyo mpira wake ukichakaa, mlima wa Kitonga utakuumbua. Tatizo ni kwamba magari mengi madogo hayana tena mshale wa joto. Yana taa ya bluu injini inapokuwa baridi na nyekundu inapozidi kiwango, na katikati hapo huambiwi lolote. Taa nyekundu ikiwaka, simama hapo hapo ulipo penye usalama, kwa maana ukijikongoja hadi juu silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, inaweza kupinda.

Dawa ya mafundi wetu wengi ni kung'oa thamostati, vali inayozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate joto, eti maji yazunguke vizuri. Huko ni kuhamisha ugonjwa. Asubuhi ya Julai pale Uyole au Makambako, gari lisilo na thamostati hutembea mwendo mrefu taa ya bluu ikiwa bado inawaka. Kompyuta inaona injini ni baridi, nayo inaongeza petroli. Oili nayo haipati joto la kukausha unyevu, hivyo hugeuka tope. Thamostati mpya ni spea ya bei ndogo mno ukilinganisha na kazi ya kuchonga hedi na kubadilisha gasketi.

Upande wa gharama, wengi wetu hulipia spea ambazo hazikuwa na ubovu. Gari langu lilipoanza kutetemeka huku taa ya injini ikiwaka, fundi mmoja alipendekeza tununue plagi zote, koili nne zinazozipa plagi umeme, na sensa ya hewa. Mwingine alichomeka kifaa cha kupimia chini ya usukani, akasoma P0301, yaani silinda ya kwanza inakosa moto. Hakununua kitu. Alihamisha koili ya silinda ya kwanza akaiweka ya pili, akafuta kosa, akaniambia nizunguke kidogo. Tuliporudi kifaa kilisoma P0302: ubovu umeifuata koili. Tulinunua koili moja ya mtumba Mwanjelwa, mambo yakaisha. Fundi wa namna hii mlipe ada yake ya kupima bila kunung'unika.

Gia boksi za CVT, zile za otomatiki zisizo na gia za hatua, zina lawama nyingi, nyingine za haki. Hata hivyo, nyingi huharibika kwa kutiwa oili ya gia boksi za kawaida za otomatiki, basi nunua oili yake mwenyewe na usimame palepale inapomiminwa.

Unapokwenda kukagua gari la mkononi, mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi kabisa: ukikuta maji matupu yenye rangi ya kutu, ama bei ishuke sana ama utafute gari jingine.