Mchezaji akifa, sura yake kwenye kadi inabaki mali ya nani? (Marekani)

Mleta uzi, umeuliza kama mtu aliyeko Marekani anaweza kutengeneza picha za Babe Ruth, nguli wa besiboli, na Kobe Bryant wa mpira wa kikapu kwa akili bandia, akazichapa kama kadi za kukusanya na kuziuza mtandaoni, kwa hoja kwamba "marehemu hana cha kudai". Mimi nauza kadi za wachezaji hapa Ohio kwa miaka kadhaa sasa, za zamani hasa, kwenye maonyesho ya wikiendi na mtandaoni. Si wakili, ila haya mambo yanatugusa mfukoni, kwa hiyo tunayafuatilia.

Anza na swali ambalo hujaliuliza: marehemu alikuwa mkazi wa jimbo gani siku alipofariki? Hakuna sheria moja ya taifa zima inayolinda jina na sura ya mtu, jambo hili limeachiwa majimbo. California inawapa warithi haki hiyo kwa miaka 70 baada ya kifo. Texas miaka 50. Hapa Ohio ni 60, kwa waliofariki kuanzia 1998. New York ilikuwa haiwapi chochote hadi ilipotunga sheria mpya ya miaka 40, nayo inawahusu waliofariki kuanzia tarehe 29 Mei 2021 tu. Halafu kuna Indiana, hao ni kiboko: miaka 100, na hawajali marehemu alikuwa mkazi wa wapi, wanaangalia kama sura yake imetumika ndani ya jimbo lao. Ukiuza mtandaoni huchagui mteja. Wa Indianapolis akilipia, unatuma.

Kobe alifariki Januari 2020 akiwa mkazi wa California. Jumlisha 70, unapata 2090. Huyo muache.

Ruth ana habari ndefu zaidi. Alifariki New York mwaka 1948. Mabinti zake waliishtaki kampuni ya vitabu ya Macmillan kwa kutumia picha tatu za baba yao kwenye kalenda ya besiboli ya 1988, na mwaka 1990 mahakama ya rufaa ikawakatalia: sheria ya New York ya wakati huo ililinda walio hai peke yao. Walikuwa wamesajili "Babe Ruth" kuwa alama ya biashara kwa bidhaa za karatasi, karata za kuchezea zikiwemo, lakini mahakama ikaona kusajili jina hakumfanyi mtu amiliki kila picha ya mwenye jina hilo. Usishangilie mapema. Kesi ile ilihusu picha chache ndani ya kalenda. Wewe unataka kuchapa bidhaa ambayo sura yake ndiyo bidhaa yenyewe, jina likiwa kubwa juu ya boksi, na Indiana bado ipo palepale.

Kinachonichekesha ni kwamba haki hii yote imezaliwa kwenye kadi zilizokuwa zikiuzwa pamoja na bazoka. Mwaka 1953 kampuni mbili za ubani wa kutafuna, Haelan na Topps, zilipelekana mahakamani zikigombea wachezaji wa besiboli waliokuwa wamesaini mikataba ya picha kwa pande zote mbili. Jaji Jerome Frank akasema mtu ana haki juu ya thamani ya picha yake, na anaweza kumpa mwingine haki hiyo peke yake. Hapo sura ikaanza kuwa kitu cha kuuzika. Na kitu cha kuuzika, siku moja mtu atataka kukirithi.

Wasiwasi wa wengi humu, lakini, si kuchapa. Ni kuuza kadi walizonazo. Hapo kesi ya kuijua ni ya mjane wa Clifford Allison, dereva wa magari ya mashindano aliyefariki Agosti 1992 akifanya mazoezi huko Michigan. Kampuni moja, Vintage Sports Plaques, ilikuwa inanunua kadi halali, inazibana kati ya ubao na kioo cha plastiki, inabandika kibati chenye jina, nyingine inazitia na saa, kisha inauza. Mjane akashtaki kwa niaba ya mirathi, na mchezaji wa besiboli Orel Hershiser, aliye hai, akaungana naye. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba mwenye haki akishalipwa kwenye mauzo ya kwanza ya kadi, hawezi kumfuata kila anayeiuza tena. Na ule ubao? Mahakama ikaona mteja ananunua kadi, ubao ni pambo tu. Kwangu huo ni uamuzi wa busara, maana ungekwenda upande wa pili sisi wenye meza tungefunga virago.

Ila mtandao wa mauzo hausomi kesi. Tangazo langu la kadi halisi ya bondia marehemu liliwahi kuondolewa baada ya malalamiko ya wanaosimamia jina lake. Nilituma picha ya mgongo wa kadi, panapoonekana jina la mchapaji na mwaka, pamoja na risiti niliyonunulia, nikaeleza kwamba nauza kadi iliyochapwa kwa leseni. Ikarudishwa. Tangu hapo kila tangazo langu lina picha ya mgongo.

Akili bandia labda inakuondolea tatizo la hakimiliki ya mpiga picha, basi. Sura inabaki ya marehemu, na jezi na nembo ni za timu na ligi. Ndiyo maana kadi za besiboli ambazo kampuni ya Panini ilizichapa bila leseni ya ligi kuu zina kofia zisizo na nembo ya timu.

Kwa waliokuwa wakazi wa California kuna daftari la wanaodai haki za marehemu, liko ofisi ya katibu wa jimbo na linapekuliwa mtandaoni. Mtu kutokuwemo si ruhusa ya kumchapa, lakini akiwemo, umeshajua leseni unaiombea kwa nani. Kama una jina jingine tofauti na hayo mawili, litaje hapa pamoja na mwaka aliofariki na jimbo alilokuwa akiishi.